Kimya cha Baba pale Steshenari

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki kule Zagayu, na tangu abatizwe hakukanyaga tena kwa mganga. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamsingizia. Hirizi za marehemu babu alizichoma mbele ya katekista, na kuku waliokuwa wanafugwa kwa ajili ya kuagulia tuliwala na ugali. Lakini adabu ya kwenda kwa mganga haikumtoka. Ilibaki mwilini mwake kama lafudhi.

Adabu yenyewe ni hii. Kwa Wasukuma wa zamani, ukienda kwa mfumu, yule anayeagua, humwambii kilichokuleta. Unasalimia, unakaa, unanyamaza. Kama ni mfumu kweli ataona mwenyewe kwamba umefiwa, au ng'ombe wamepotea, au mke hashiki mimba. Ukimwambia umeshaharibu, maana hutajua tena kama ameona au amekusikia tu. Akikosea unasimama, unasema wabeja, yaani asante, unakwenda kwa mwingine.

Baba aliihamishia adabu hii kwa kila mtu mwenye ujuzi wowote duniani. Alikuwa anasukuma pikipiki yake mbovu mpaka kwa fundi, anaiegesha, anakaa juu ya tairi kuukuu. Fundi akiuliza, "Ina shida gani mzee?" baba anatazama barabara. Fundi akikosea kuigundua, baba anaisukuma pikipiki kwa fundi wa pili, jua la kiangazi linamchoma utosini, na sisi watoto nyuma tunasukuma huku tunamlaani kimoyomoyo. Alikuwa mtu mwenye akili. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi zaidi, kwa sababu mjinga unamsamehe.

Hospitalini ndiyo usiseme. Nikiwa kidato cha pili, bibi mzaa baba aliumwa tumbo kwa muda mrefu, tukampeleka. Daktari alikuwa kijana wa mkoa mwingine, Kisukuma hajui hata salamu. Akauliza mama anaumwa nini. Baba kimya. Bibi naye kimya, maana mwanawe alishamwonya njiani. Daktari akamshika paji la uso, akachukua kalamu aandike dawa ya malaria. Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza kila kitu, kuanzia maumivu yanapoanzia mpaka rangi ya choo. Yule kijana akaweka kalamu chini, akaanza kumpima upya, na akakuta uvimbe ambao baadaye ulipasuliwa. "Bila huyu binti mngeondoka na vidonge," akasema.

Siku hiyo nilijua nataka kuwa daktari. Nilitaka niwe ninayekaa upande wa pili wa meza ile na kuwauliza kwa Kisukuma, bibi kwa bibi, mpaka waseme. Baba hakunisemesha njia nzima. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Umemtafunia chakula. Sasa tutajuaje kama ana meno?"

Pamoja na hayo, udaktari wangu yeye aliutaka kuliko mimi. Nilipopelekwa shule ya bweni kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia, alianza kuniita dakitari, hivyo hivyo kwa ulimi wake, mbele za watu, kanisani, mnadani. Nilikuwa naona aibu na nilikuwa napenda. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, tulikuwa uani tunachambua pamba ya mwisho. Jirani mwenye simu kubwa akayasoma kwa sauti juu ya ua wa minyaa. Biolojia A, Kemia A, Fizikia B. Baba alisimama na pamba zimemganda kwenye sweta, akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Sasa twende mjini," akasema. "Tukajue kama dakitari anaonekana."

Wakati huo kulikuwa na chuo kimoja Dar es Salaam ambacho kila mwanafunzi wa Biolojia nchini alikuwa anakiota, na bado kipo, na bado wanakiota. Nafasi chache, waombaji kama siafu. Mwalimu wetu wa taaluma alishatuambia kabla ya kufunga shule: mwenye alama nzuri ajaribu, aweke na vyuo vingine chini yake, hakuna anayepigwa viboko kwa kuomba. Nilimwambia baba maneno hayo tukiwa kwenye pikipiki kuelekea Bariadi, nikipiga kelele sikioni mwake kwa sababu ya upepo. Akajibu kwamba mwalimu ananipenda, na anayekupenda haoni vizuri. Kisha akanionya, "Ukifika pale, mayu, mdomo wako uache nje." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyokuwa anawaita wanawake wote, hata mimi.

Steshenari aliyoichagua ilikuwa jirani na stendi. Walikuwa wanatoa fotokopi, wanapiga picha za pasipoti, wanachapa kadi za harusi, na mlangoni walibandika karatasi: TUNAOMBA VYUO NA MIKOPO. Mwenyewe alikuwa dada wa makamo, mzaliwa wa mjini, wazazi wake wafanyabiashara waliohamia zamani kutoka mbali, Kisukuma akijua cha kuuzia tu. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye kompyuta huku yeye anaongea na mtu mwingine kabisa.

"Shikamoo mzee. Karibuni."

"Marahaba, mayu."

"Niwasaidie nini?"

Baba akakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, kofia ikiwa kichwani, akatazama ukuta uliojaa kadi za harusi za watu.

"Ni mkopo au ni chuo?"

Baba akaendelea na ukuta. Yule dada akanigeukia.

"Namba yako ya mtihani, mdogo wangu."

Nikamtazama baba. Akanikubalia kwa kope. Kwa mfumu wa kuku, mteja hutema mate kwenye mdomo wa kifaranga ili kifaranga kimbebe, kisha kifaranga ndicho hupasuliwa na kusomwa. Namba ya mtihani, kwa hesabu za baba, ndiyo yalikuwa mate yale. Nikaitaja.

Dada akabofya. Halafu akaanza kusoma kwa sauti: shule yangu, masomo yangu, alama moja moja, na hata alama za kidato cha nne ambazo mimi mwenyewe sikupenda zikumbukwe. Baba akaishika fimbo kwa mikono miwili. Nikamwinamia, nikamnong'oneza kwa Kisukuma kwamba ni mtandao, kila mtu mwenye simu anaona, hata jirani aliona. Akaniambia ninyamaze.

Dada akaondoa mikono kwenye kompyuta, akamtazama baba. Alimtazama kwa muda, kuanzia kofia mpaka kandambili za tairi.

"Mnataka udaktari," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi nilijua kwamba kila mwenye masomo yale anataka udaktari, na kwamba alikuwa amelisema neno hilo kwa kila mtu aliyekaa kwenye benchi lile wiki nzima. Lakini baba alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji, na hapo nikajua tumekwisha. Chochote ambacho mwanamke yule angekisema baada ya pale, kwa baba kingekuwa ndicho.

"Hapati," akasema.

Alilisema kwa upole kabisa. Nimeshatukanwa na watu wengi maishani, ila sijasikia tusi lililosemwa kwa upole namna ile.

"Mzee wangu, nisikudanganye. Alama hizi ni nzuri za kwetu huku. Kule Dar wanaogombania ni watoto wa shule za kulipia, waliofundishwa mchana na usiku. Huyu atakuwa anawasindikiza tu. Akikosa, atarudi kukaa nyumbani, na wewe unajua binti akikaa nyumbani inakuwaje."

Baba kimya.

"Tumwombee ualimu wa sayansi. Miaka mitatu tu, amemaliza, anarudi huku huku, unamwona kwa macho yako."

"Dada," nikasema, "mwalimu wetu wa taaluma alisema tujaribu hata—"

"Mdogo wangu, naongea na mzee."

"Mwache aone," baba akaniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aitikie salamu, na niliambiwa mimi.

Dada akajaza. Ualimu chuo cha kwanza, ualimu cha pili, ualimu cha tatu. Kila alipomaliza mstari alimtazama baba, na baba alitikisa kichwa kukubali kwa heshima. Mimi nilisimama pembeni kama mbuzi aliyeletwa mnadani, watu wanapatana juu ya mgongo wake. Tulipotoka nje nilimwomba baba turudi tuweke nafasi moja ya udaktari, moja tu, mwisho kabisa kwenye orodha. Nililia pale stendi mbele ya wauza karanga.

"Ukiambiwa njiani kuna chatu," akaniuliza, "unapita uone ukubwa wake?"

Kule kijijini alitangaza mwenyewe, akiwa amenyooka: "Dakitari haikuonekana." Hakula siku ile, na siku iliyofuata aligusa tu. Sikumwonea huruma hata kidogo. Majirani nao walipata chakula cha mdomo. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mwenye binti aliyeishia darasa la saba, alikuwa akipita anauliza, "Hajambo dakitari wa mbuzi?" Anacheka, mama yangu anacheka naye kwa adabu, mimi nachota maji.

Majibu ya vyuo yakatoka. Nilipata ualimu, tena chuo cha kwanza, na nyumbani walichinja jogoo. Bado manyoya hayajazolewa, simu ya jirani ikaita, naitwa mimi. Alikuwa rafiki yangu tuliyekaa dawati moja miaka miwili, mtu wa Sapiwi. Anapiga kelele, simu inakwaruza. Kaka yake alimwombea kwenye simu yake wakiwa machungani, hawakumuuliza mtu yeyote kama anapata au hapati. Aliweka udaktari, chuo kile kile. Amechaguliwa.

Kemia yake ilikuwa B. Kemia mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilimpongeza kwa sauti nzuri, nikamwambia Mungu ni mwema. Moyoni nilimwombea afeli mwaka wa kwanza. Hakufeli. Sasa anatibu watu, na nikikutana naye tunakumbatiana, na lile ombi langu sijawahi kulifuta.

Nilimfuata baba zizini, nikamwambia. Fulani wa Sapiwi amepata, alama zake ziko chini ya zangu. Nilitaka aanguke. Nilitaka ashike kichwa aseme amekosa. Alimaliza kwanza kumkamua ng'ombe, akaweka kibuyu chini taratibu.

"Mfumu alikuona wewe," akasema. "Hakumwona yeye."

Yaani kwamba yule wa Sapiwi hakuwahi kusomwa, basi njia yake ilibaki wazi. Yangu ilishasomwa. Hakuna ukatili mkubwa kama ule unaotoka kwa mtu anayejitahidi kukufariji.

Kesho yake nilikwenda Bariadi peke yangu. Mama alinitorosha. Nilisema nakwenda kuuliza awamu ya pili ya maombi, na kweli nilianza na hilo. Yule dada wa steshenari akanikumbuka, akatazama kwenye kompyuta, akaniambia kozi ile imejaa, haikufunguliwa tena. Hapo nikamwambia habari ya rafiki yangu. Nikamwambia Kemia yake ilikuwa B. Nikamuuliza alijuaje kwamba mimi sipati.

"Sikujua," akasema.

Kulikuwa na mteja anasubiri fotokopi. Akamhudumia kwanza, akamrudishia karatasi zake, akafunga kifuniko cha mashine. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu kama dada anayetaka kumsema mdogo wake kuhusu mwanaume.

"Wewe ulikuwa na nafasi," akasema. "Nzuri tu. Lakini nilimwona baba yako. Kaja na binti mwenye alama zile, hatabasamu, haulizi kitu, anatazama kadi za harusi. Unajua nawaona wangapi wa namna ile? Hao hawataki binti asome. Wameletwa na aibu, au na mapadri. Wanakaa hapo kimya wakisubiri niwaambie hapati, waondoke wakawaoze mabinti. Ningemwambia miaka mitano ya udaktari, tena Dar es Salaam, angesimama akaondoka na wewe. Usingepata hata hiyo nafasi ya ualimu. Nikaona nikupenyeze. Miaka mitatu, karibu na nyumbani, mzee atameza. Na si amemeza?"

Nikasimama.

"Mimi nilikuokoa," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli.

Baba yangu! Baba aliyewarudisha washenga mara mbili nikiwa bado kidato cha nne, akawaambia wakawachunge wenyewe hao ng'ombe wao, huyu anasoma. Baba aliyeuza fahali ili niende bweni, akagombana na ndugu zake wote kwa ajili hiyo. Nilimwambia yule dada hivyo, nikiwa nimesimama, nikipiga kelele. Nikamwambia kuhusu wafumu, kuhusu kunyamaza, kwamba ule ulikuwa ni mtihani, na yeye ndiye aliyekuwa anatahiniwa. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Sasa mtu anakaa kimya," akasema, "mimi ningejuaje?"

Watu huniuliza kwa nini sikusubiri mwaka unaofuata nikaomba tena. Wanaouliza hawajawahi kukaa kijijini mwaka mzima wakiwa wasichana wenye cheti kizuri na jina la utani la mbuzi. Halafu nani angenipeleka? Kwa baba nilikuwa nimeshasomwa. Nikaenda ualimu. Leo nafundisha Biolojia Maswa, nimepanga vyumba viwili Nyalikungu, na kila matokeo yakitoka wazazi wanakuja barazani kwangu na watoto wao kuniuliza kama wanapata. Wengine wanakaa bila kusema kitu. Hao nawauliza swali moja, wanataka nini, na wasiponijibu nawafukuza. Nimefukuza hadi wazee wenye mvi. Mkuu wangu wa shule ameshaniita kuhusu tabia hiyo, nami nikamwambia aniandikie barua tu.

Siku ile niliporudi kutoka mjini baba alikuwa anaziba ua wa zizi kwa miiba. Mama alikuwa karibu anapepeta mtama. Sikumsalimia. Sikungoja anawe mikono.

"Nimetoka kwa mfumu wako," nikamwambia.

Akaniangalia.

"Ulisema aliniona mimi. Hakuniona mimi, baba. Mimi alinisoma vizuri, amesema nilikuwa na nafasi. Aliyemwona ni wewe."

"Akaona nini?"

Ungo wa mama ulikuwa umenyamaza. Nilijua kwamba nikilisema halitarudi, na nilikuwa na nafasi ya kutolisema. Nikalisema, polepole, kwa Kisukuma, ili asije akasingizia Kiswahili.

"Aliona mzee anayetaka kumwoza binti yake. Akakupa ulichokuja kukitafuta."

Baba alishika mwiba mkononi, akaufinya mpaka nikaona damu. Sijawahi kumwona mtu akitafuta neno kwa shida namna ile, na sikumsaidia.

"Ng'wanone," akasema mwishowe. Mwanangu. "Mimi?"

"Wewe."

"Mimi kukuoza?"

"Ndivyo alivyoona."

Alikaa chini pale pale kwenye samadi. Mama alinitazama kwa jicho la kunifukuza, sikuondoka.

"Angeniuliza," baba akasema. "Si angeniuliza tu, mzee, unataka nini?"

"Alikuuliza, baba. Ulipoingia tu. Alikuuliza tena. Na angekuuliza mara ya tatu, ungemjibu?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, hata ili ajiokoe. Alifikiri kweli, huku damu inamchuruzika kwenye kiganja, akanitazama usoni.

"Yaya," akasema. Hapana. "Ningenyamaza."